Kamera Mkononi mwa Mjifunzaji: Filamu za Hali Halisi katika Historia ya Ufundishaji wa Kiswahili kwa Wageni

Ikisiri

Baadhi ya wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya wanaokwenda Tanzania na Kenya kujifunza Kiswahili hupewa kazi ya kutengeneza filamu fupi za hali halisi kuhusu utamaduni wa wenyeji. Makala hii inaifuatilia kazi hiyo kihistoria kupitia mikondo miwili iliyochelewa kukutana: sinema iliyopigwa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, na ufundishaji wa Kiswahili kwa wageni tangu miaka ya 1960. Inadai kwamba tatizo la msingi la filamu hizi ni la kilugha: nani anasikika, kwa lahaja ipi, na maneno yake yanaandikwaje chini ya picha.

Mikondo miwili

Mwanafunzi wa Kiswahili anayefika Arusha, Mombasa au Unguja mwezi Juni kwa kozi ya wiki chache hukuta kazi nyingi zinamsubiri. Huandika insha na shajara, huishi na familia, hufanya mazoezi ya sarufi asubuhi na ziara mchana. Kadiri kamera zilivyozidi kuwa rahisi, imeongezeka kazi nyingine: atoke na wenzake, achague jambo la kitamaduni, awahoji wenyeji kwa Kiswahili, na mwisho wa kozi aoneshe filamu ya dakika chache. Walimu huipenda kwa kuwa inaunganisha kusikiliza, kusema, kusoma na kuandika katika zoezi moja lenye hadhira ya kweli. Wanafunzi huipenda kwa kuwa inawatoa darasani. Maoni ya wale wanaorekodiwa hayamo kwa kawaida katika tathmini ya kozi.

Kazi hii huelezwa kana kwamba ilizaliwa pamoja na simu ya mkononi. Kwa hakika ina wazazi wawili, na wote wawili ni wakubwa kuliko walimu wengi wanaoitumia leo. Mmoja ni sinema ya kigeni iliyopigwa katika ardhi ya Afrika Mashariki. Mwingine ni darasa la Kiswahili kwa wageni, ambalo kwa muda mrefu lilikuwa darasa la sikio bila jicho. Kila mzazi amemrithisha mtoto tabia zake, na tabia hizo hazieleweki pasipo kurudi nyuma.

Sinema iliyosema badala ya watu

Kati ya mwaka 1935 na 1937, katika kijiji cha Vugiri kwenye milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa kutengeneza filamu za elimu kwa Waafrika, unaojulikana kwa kifupi kama BEKE. Waliousimamia ni Leslie Notcutt na Geoffrey Latham. Fedha zilitoka hasa katika Shirika la Carnegie la Marekani, na wazo lenyewe lilikuzwa na Baraza la Kimataifa la Kimisionari. Filamu ya kwanza ilihusu benki ya akiba ya posta: mtu mmoja anafukia fedha zake ardhini na kuibiwa, mwingine anaziweka posta na kunufaika. Nyingine zilihusu chai, mmomonyoko wa udongo na minyoo ya safura. Lori lenye mashine ya kuoneshea picha lilizunguka Tanganyika na nchi za jirani.

Kwa mwanaisimu, jambo la kuzingatia katika filamu hizo ni namna zilivyopata sauti. Picha zilipigwa bila sauti, na maelezo yakarekodiwa pembeni katika santuri, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za eneo hilo. Watu wa Usambara walionekana wakifumbua midomo, lakini sauti iliyosikika ilikuwa ya msimulizi aliyepewa maneno ya kusema. Kiswahili cha maelezo hayo kilikuwa chenyewe katika hatua ya kusanifishwa: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, miaka mitano tu kabla ya Vugiri. Hivyo basi sinema ya elimu na Kiswahili Sanifu vilikua pamoja, chini ya serikali zilezile, na vilikuwa na dhana moja kwamba kuna mahali fulani maneno hutengenezwa na mahali pengine hupokewa.

Hali hiyo haikubadilishwa na nia njema ya mtu yeyote. Ilibadilishwa kwanza na vyombo. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 vinasa sauti vya kubebeka kama Nagra, pamoja na kamera nyepesi za milimita 16 zisizopiga kelele, viliwezesha watu wawili kurekodi picha na sauti kwa wakati mmoja, nje ya studio, bila lori wala jenereta. Kwa mara ya kwanza mkulima au mfugaji aliyepigwa picha akizungumza aliweza kusikika akizungumza kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo likazuka swali ambalo Vugiri haikulazimika kujiuliza: mtazamaji asiyejua lugha yake atamwelewaje?

Karamoja, 1968

Mwaka 1968 timu ndogo kutoka programu ya filamu za kiethnografia ya Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ilifika Uganda. Richard Hawkins alirekodi jando la Wagisu akishirikiana na mwanaanthropolojia Suzette Heald. David na Judith MacDougall, waliokuwa wamepata mafunzo yao katika chuo hichohicho, walikwenda Karamoja kwa Wajie. Filamu yao kuu kutokana na safari hiyo, *To Live with Herds*, ilitolewa mwaka 1972 na kutunukiwa huko Venice mwaka huohuo. Haikuwa kazi ya kujifunza lugha. Lakini ni katika kazi hii, kuliko katika kitabu chochote cha mbinu za kufundisha, ndipo panapoonekana kwa uwazi jambo ambalo wanafunzi wa leo wanalijaribu bila kulijua jina.

Mapema katika filamu hiyo mwenyeji mmoja, Logoth, anaieleza nchi yake. Anaonesha kwa mkono, anataja majina ya mahali, anasema nani hulisha wapi. Hakuna msimulizi anayemkatiza ili kutufafanulia alichosema. Maneno yake yanaandikwa chini ya picha. Leo jambo hilo ni la kawaida mno, lakini wakati ule kuyaandika mazungumzo ya kawaida ya watu wa Afrika Mashariki, pamoja na utani wao na mambo wanayoyarudia-rudia, kulikuwa uamuzi wa kinadharia. Kulimaanisha kwamba mazungumzo yenyewe ni habari, na kwamba mfugaji anastahili kunukuliwa na si kufupishwa tu.

Wawili hao walirejea Afrika Mashariki mwaka 1973 na 1974, safari hii Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Zikatoka filamu tatu: *The Wedding Camels* (1977), *Lorang's Way* (1979) na *A Wife Among Wives* (1981). Ya kwanza inafuata mashauriano ya mahari kati ya familia mbili. Hakuna tukio kubwa la macho. Takribani kila kitu kinatendeka kwa maneno: idadi inatajwa na kukanushwa, mtu ananyamaza, mwingine anaondoka kwa hasira za kujifanya au za kweli. Kwa mtazamaji aliyezoea filamu za ngoma na mavazi, hii ni filamu isiyo na utamaduni. Kwa mtu wa pragmatiki ni hazina.

Baadaye, mwaka 1995, David MacDougall aliandika makala kuhusu maandishi ya chini ya picha akionesha pande zake mbili. Manukuu humfanya mtu aliyekuwa mfano wa kabila awe nafsi yenye akili na mzaha. Wakati huohuo humdanganya mtazamaji kwamba ameelewa, kwa kuwa sentensi fupi iliyonyooka imechukua nafasi ya usemi uliojaa vikwazo. Tahadhari hii ya pili ndiyo inayogusa moja kwa moja darasa la lugha.

Sauti isiyo na uso

Wakati kamera ikijifunza kusikia, darasa la Kiswahili la wageni lilikuwa linajifunza kusikia pasipo kuona. Sheria ya Marekani ya elimu na ulinzi ya mwaka 1958, iliyopitishwa baada ya Wasovieti kurusha Sputnik, ilifungua fedha za kufundisha lugha ambazo vyuo vya Marekani vilikuwa havizijali, zikiwemo za Afrika. Sheria ya Fulbright-Hays ya mwaka 1961 ikaongeza fedha za kuwapeleka walimu na wanafunzi katika nchi zenyewe. Mwaka huohuo kundi la kwanza la Peace Corps kwa ajili ya Tanganyika, la wapimaji ardhi, wahandisi na wanajiolojia, lilipata mafunzo yake huko El Paso, Texas, mbali kabisa na bandari yoyote ya Waswahili.

Vitabu vya kipindi hicho, hasa vile vya taasisi ya mafunzo ya wanadiplomasia ya Marekani vilivyoongozwa na Earl Stevick, vilitegemea mikanda ya sauti. Mjifunzaji alisikia sentensi, akairudia, akabadilisha neno moja, akairudia tena. Stevick mwenyewe aliona upungufu wake. Ndiyo maana moja ya kozi zake za mwaka 1966 ilijengwa juu ya jiografia, ili mjifunzaji aulize jambo badala ya kukariri tu. Hata hivyo sauti ya mkandani ilibaki sauti ya Kiswahili Sanifu kisicho na umri, jinsia ya kijamii wala mtaa. Vizazi vya wajifunzaji viliondoka vikijua kunyambulisha vitenzi kwa ustadi mkubwa, vikafika Kariakoo au Darajani na kushangaa.

Ushangao huo ndio uliosukuma mambo mbele. Mwongozo wa ACTFL wa viwango vya umilisi ulitoka mwaka 1986, na viwango vya kitaifa vya lugha za kigeni nchini Marekani mwaka 1996 vikaweka utamaduni na jamii sambamba na mawasiliano. Huko Uingereza, mapema katika miaka ya 1990, chuo kimoja cha Ealing, magharibi mwa London, kiliwafundisha wanafunzi wa lugha mbinu za kiethnografia kabla ya mwaka wao wa kuishi ng'ambo. Walitakiwa kuishi na jamii fulani, kuichunguza, na kuandika ripoti kwa lugha waliyokuwa wakijifunza. Celia Roberts, Michael Byram na wenzao waliueleza mradi huo katika kitabu cha mwaka 2001. Wanafunzi hao waliandika, hawakupiga filamu. Lakini wazo lililokosekana lilikuwa limekwisha kupatikana: kwamba mjifunzaji si mpokeaji wa utamaduni bali mtafiti wake, na kwamba matokeo ya utafiti huo yanaweza kuwa mtihani wa lugha.

Kilichobaki kilikuwa kifaa. Kamera za kidijitali za miaka ya 1990, kisha YouTube mwaka 2005, kisha simu, vikapunguza gharama hadi karibu na sufuri. Mikondo miwili ikakutana. Ilikutana, hata hivyo, bila kutambulishana: walimu wa lugha walichukua kamera na kuacha mjadala wa nusu karne juu ya kamera hiyo.

Namna ya kuuliza

Athari ya kwanza ya kutotambulishana huko ni mahojiano. Filamu ya mwanafunzi karibu daima ni filamu ya mahojiano, kwa kuwa mahojiano ndiyo aina ya usemi anayoweza kuiandaa: anaandika maswali, mwalimu anayasahihisha, anayakariri. Charles Briggs alionesha mwaka 1986, kwa kutumia uzoefu wake mwenyewe miongoni mwa wasemaji wa Kihispania wa New Mexico, kwamba mahojiano si dirisha wazi. Ni tukio la kimazungumzo lenye kanuni zake, na katika jamii nyingi kanuni hizo zinapingana na jinsi wazee wanavyotoa maarifa kwa vijana.

Chukua swali linalopendwa: "Je, ni nini umuhimu wa kanga katika utamaduni wa Waswahili?" Kisarufi halina kasoro. Lakini ni swali la karatasi ya mtihani, na bibi aliyekaa barazani hulijibu kama mtu aliyeitwa ubaoni: kwa kifupi, kwa tahadhari, kwa maneno anayodhani mwalimu anayataka. Mjifunzaji anayeshika ncha ya kanga na kuuliza, "Bibi, hii inasemaje?" ameuliza kwa namna ambayo lugha yenyewe inaijua, kwa kuwa kanga husema. Hapo hutoka jina, kisha kisa cha aliyempelekea nani, kisha kicheko. Tofauti ya maswali haya mawili haimo katika msamiati wala katika upatanisho wa kisarufi, nayo haipimwi na jedwali lolote la alama linalotumika katika kazi hizi.

Ya pili ni uhariri. Kwa kuwa filamu lazima iwe fupi, mwanafunzi hukata "visivyo muhimu". Kinachokatwa kwanza ni hodi, shikamoo na marahaba, kuulizana habari za nyumbani, kukaribishwa kuketi, na kimya kinachofuata. Baada yake hukatwa "tuseme", "mwanangu" na "sasa basi". Kinachobaki ni taarifa. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyetumwa kutafuta Kiswahili kinachoishi hurudi nacho, kisha hukiondoa kwa mkono wake mwenyewe ili kifanane na kitabu. Waliomtangulia Turkana walifanya kinyume: waliacha mashauriano yajiendeshe na kumwachia mtazamaji ugumu.

Lahaja chini ya picha

Suala la lahaja ni zito zaidi. Kozi za majira ya joto ya kaskazini huangukia mwezi Julai, na Julai ndio mwezi wa Mwaka Kogwa huko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Sherehe hii ya Nairuzi inavutia kamera kwa kila kipengele: wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba, banda la makuti linachomwa moto, wanawake wanaimba. Mwanafunzi aliyepo Unguja wakati huo ana kila sababu ya kwenda.

Tatizo ni kwamba wanaoimba hawaimbi kwa Kiswahili alichofundishwa. Kimakunduchi kina mofolojia ya kitenzi inayotofautiana sana na ya Kiunguja cha Mjini, kiasi kwamba hata msemaji wa Mjini huhitaji kufasiriwa. Nyimbo hizo, zaidi ya hayo, zimejaa mafumbo na kejeli. Mbele ya mwanafunzi pana njia tatu. Anaweza kuziacha nyimbo ziwe muziki wa nyuma ya picha, na hivyo kurudi Vugiri: midomo inafumbuka, lakini maana inatoka kwa msimulizi. Anaweza kumwomba kijana wa Mjini amwambie "wanasema nini", kisha aandike tafsiri ya Sanifu chini ya picha, na mtazamaji aamini kwamba ndivyo ilivyoimbwa. Au anaweza kukaa Makunduchi siku mbili tatu na wasemaji wenyewe, akanukuu neno kwa neno, akaweka mistari miwili: kilichosemwa, na tafsiri yake. Njia ya tatu ni ya polepole, inazidi ratiba ya kozi, na ndiyo pekee inayostahili kuitwa kazi ya lugha.

Si lazima kwenda mbali hadi Makunduchi ili kukutana na tatizo hili. Mombasa, mzee wa Kimvita akisema watoto "wanateka", mjifunzaji aliyelelewa na Sanifu ataandika chini ya picha kwamba wanachota maji, au vibaya zaidi, kwamba wanamkamata mtu. Na ilhali watoto wanaonekana wakicheka, kwa kuwa *kuteka* katika Kimvita ndiko *kucheka*. Unguja, bibi akisema "keshakufa", manukuu yatasema "amekwisha kufa", au kwa adabu ya darasani "amefariki". Kila sahihisho ni dogo. Yakijumlishwa, filamu nzima huonesha watu wa pwani wakizungumza na maandishi yanayowarekebisha. Wapo wanaotetea jambo hili wakisema kwamba mtazamaji ni mjifunzaji na anahitaji Sanifu. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama filamu ingekiri wazi kwamba imetafsiri. Kwa kawaida haikiri, kwa kuwa anayeifanya hajui kwamba amevuka mpaka wa lahaja. Anadhani amesahihisha tahajia.

Ruhusa na hifadhi

Filamu hizi zimekaa katika pengo la kisheria pia. Tanzania Bara, utengenezaji wa filamu unaongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na utafiti hupata kibali kupitia COSTECH, iliyoundwa mwaka 1986. Zanzibar ina taratibu zake. Upande wa Marekani, kanuni za kulinda watu wanaofanyiwa utafiti zilirekebishwa mwaka 2017 na kuiweka historia simulizi na uandishi wa habari nje ya maana ya utafiti. Kazi ya darasani ya mwanafunzi basi haihesabiwi kuwa utafiti huko ilikotumwa, wala haionekani kuwa biashara ya filamu huku inakofanyika. Hapana anayewajibika kuuliza kama yule bibi wa barazani alielewa kwamba sura yake itakaa mtandaoni pamoja na jina la mtaa wake.

Kukubali kwa mdomo hakutoshi kuwa jibu. Mgeni aliyepiga hodi, akaamkia vizuri na kuomba kwa Kiswahili, si rahisi kumkatalia. Adabu ya mwenyeji ndiyo inayomnyima uhuru wa kukataa. Kadiri mwanafunzi anavyofundishwa vizuri namna ya kuomba, ndivyo ruhusa anayopata inavyopungua uzito. Walimu wachache waliolitambua hili hutenganisha siku ya kuomba na siku ya kupiga picha, na humtuma mtu mwingine, asiye na kamera, kuuliza tena baada ya filamu kukamilika na kuoneshwa kwa waliomo.

Kuna pia swali la mahali filamu zinakokwenda. Tangu mwaka 2000, kupitia miradi kama DOBES ya Ujerumani na baadaye hifadhi ya ELAR iliyoanzia SOAS, wanaisimu wamejenga utaratibu wa kuweka rekodi za lugha pamoja na taarifa zake: nani, wapi, lini, lahaja ipi, nani aruhusiwe kuona. Filamu za wanafunzi wa Kiswahili hazimo katika utaratibu huo. Zimo katika akaunti binafsi zinazofutwa mwanafunzi anapohitimu, au katika seva za vyuo vya ng'ambo. Picha ambazo hazijahaririwa, zenye shikamoo na vimya na "tuseme" zote, hutupwa kwanza kwa kuwa ndizo zinazojaza diski. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoirithi iliyokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam hupokea wanafunzi hawa mwaka baada ya mwaka. Sharti moja katika mkataba wa kozi, kwamba nakala ya rekodi zote ghafi pamoja na manukuu ya mistari miwili ibaki chuoni kabla cheti hakijatolewa, lingegharimu diski chache na siku kadhaa za mkutubi.